Kutangaza Wosia wa Mtu Aliye Hai

Sitaki mtu aniambie tena kwamba nia yangu ilikuwa njema. Nimeambiwa hivyo na pasta, nimeambiwa na dada yangu, nimeambiwa hata na mama muuza mboga wa hapa kwenye kona, na sijui yeye habari alizitoa wapi. Nia njema! Nia njema ndiyo iliyomtoa mama wa watu chumbani kwake akaja kulala kwenye kochi langu. Nia mbaya ingemfanyia nini zaidi?

Basi wacha niyaseme mambo yalivyokuwa, maana yanasemwa vibaya.

Nilifanya kazi miaka mingi katika chuo kimoja cha ufundi huku Eastlands, chuo cha kanisa, kinachofundisha ushonaji, useremala, umeme, ujenzi na mapishi. Nilikuwa ofisi ya usajili. Mwanafunzi akiingia, jina lake niliandika mimi. Akimaliza, cheti alikichukua mkononi mwangu. Kazi haikuwa na makuu, lakini nilikuwa nalala usingizi. Kisha Mkuu wa chuo akaenda semina katika hoteli moja ya Naivasha, akarudi kile kitambulisho cha kamba kikiwa bado kinaning'inia shingoni, akaniita ofisini kwake hata kabla hajanywa chai.

"Madam," akaniambia, "vyuo vya wenzetu haviishi kwa karo peke yake. Watu wanaviandika kwenye wosia. Mtu akienda, nyumba yake au shamba lake linakuwa la chuo. Hawa wazee wetu wa Eastlands wana mali, wameikalia tu. Na wewe unajua kuongea na wazee."

Hivyo ndivyo nilivyopewa idara. Nasema idara, lakini ilikuwa ni mimi, meza moja, na stoo iliyokuwa ya cherehani mbovu. Wenzangu wakaanza kuniita mtu wa makaburi. Nikipita kantini, kulikuwa na mwalimu mmoja wa useremala anayejifanya anakohoa, anashika kifua, anasema, "Madam, bado, bado, sijawa tayari." Nilicheka mara mbili za kwanza.

Semina ya Naivasha haikumfundisha Mkuu kwamba wazee wengi wa huku wanaishi nyumba za kanjo, za baraza la jiji. Mzee aliajiriwa na reli au na kanjo yenyewe akiwa kijana, akapewa vyumba viwili, akazaa humo watoto wake wote, akaongeza chumba cha mabati uani, na leo roho yake yote inamwambia kwamba nyumba ni yake. Mzee mmoja mstaafu wa reli alinikaribisha, akavaa koti kwa ajili yangu, akasema kwa sauti nzito, "Andika. Nyumba hii naachia chuo." Ilinibidi mimi, mgeni niliyekunywa chai yake, nimweleze kwamba nyumba ile ni ya kukodi, na hawezi kumwachia mtu kitu cha kukodi. Alinitazama kana kwamba nimekuja kumfukuza. Akavua koti. Sikuwahi kurudi kwake.

Wengine hawakunifikisha hata kwenye chai. "Kwani unanitakia kifo?" Mama mmoja wa Majengo aliishika ile fomu kwa ncha za vidole, akaiweka nje ya mlango, akaniambia niifuate. Na fomu yenyewe ilikuwa ya kipumbavu. Swali la kwanza: una watoto wangapi? Haya, muulize mama wa kwetu magharibi idadi ya watoto wake, uone atakavyokukazia macho. Watoto hawahesabiwi kama kuku! Nikajifunza kuuliza, "Mkikutana Krismasi mnajaa mezani?" halafu nahesabu kichwani wakati anawataja. Nikajifunza kutotaja kifo, nilisema "siku ile." Nikajifunza kumtembelea mtu mara nne mikono mitupu ndipo mara ya tano niende na fomu. Nilikuwa nimeanza kuijua kazi, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikuwa mjinga.

Wakili aliyetusaidia alinifundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Wosia ni siri ya mwenyewe mpaka azikwe. Anaweza kuubadilisha kesho, anaweza kuuchana kesho kutwa. Maadamu anapumua, mali ni yake, na chuo hakina chake hapo, hata kitasa cha mlango. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Lakini sisi tumelelewa na harambee. Kwetu mtu hatoi kimya kimya kama mwizi. Akitoa, jina lake linatajwa kwenye maiki, anaitwa mbele, akina mama wanamfunga leso mabegani, anaimbiwa, anachezeshwa mpaka afike kwenye meza. Na kilichotajwa kwenye maiki kimeshatoka. Hakuna mtu anayetangaza ng'ombe kwenye harambee halafu akarudi nyumbani kumkamua. Ya wakili niliyashika kichwani. Haya mengine nilizaliwa nayo.

Sasa huyu mama.

Nilimsajili mimi mwenyewe, miaka kadhaa kabla ya mambo haya, alipokuja kujiunga na darasa la ushonaji akiwa ameshastaafu kiwanda cha nyuzi. Alikuja na sare kabisa, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, kama wasichana. Wao walimwita shosh, nyanya yao. Walimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka, naye akawatetea kwa mwalimu walipochelewa. Alihitimu. Nilipompa cheti chake alikibusu mbele ya watu wote, halafu akanibusu na mimi.

Alikuwa mjane, mtu wa kwetu magharibi. Alikuwa na ploti Baba Dogo, vyumba kumi vya mawe vya kupangisha, alivyovijenga kimoja baada ya kingine kwa mshahara wa kiwandani. Mwenyewe alikaa chumba cha kwanza, karibu na lango. Cha pili alikaa kifungua mimba wake, mwanamume wa miaka hamsini hivi, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na mkewe. Wengine walikuwa wametawanyika, lakini kila Jumapili ungekuta mmoja wao pale, na wajukuu wamejaa kitandani kwa nyanya yao. Nilimwonea wivu, kusema kweli. Mimi nina binti mmoja, na akipiga simu mara moja kwa mwezi natoa sadaka ya shukrani.

Katika watu wote niliowafuata na fomu, yeye peke yake ndiye aliyenifuata. Aliingia stoo yangu siku moja, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Mulembe, mwanangu. Nasikia siku hizi unaandika watu."

Akanieleza jambo ambalo nadhani hakuwahi kumweleza mtu. Alipofika Nairobi alikaa Mukuru kwa Reuben, akifanya vibarua viwandani, mumewe akiwa kazini mbali. Huyo kifungua mimba wake alikuwa bado mchanga. Asubuhi alimwachia uji kwenye chupa, akamfungia ndani kwa kufuli, akaenda kazini, na jirani aliombwa asikilize tu kama mtoto analia kupita kiasi. "Kulia kidogo tulikubaliana ni kawaida," akaniambia. Miezi mingi alifanya hivyo. Halafu uzeeni, akiwa darasani na sare yake, akawaona wasichana wawili wakiacha masomo, cherehani zao zikibaki wazi, kwa sababu hawakuwa na wa kumwachia mtoto.

Alitaka ile ploti, siku ile ikifika, iwe ya chuo, na kodi yake iendeshe chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi. Wanawe walikuwa na shamba la baba yao kule nyumbani, na aliwasomesha wote. "Hii ya Baba Dogo nilijenga mimi," akasema. "Hakuna aliyeninunulia hata msumari."

Kisha akanipa sharti lake, na lilikuwa hilo moja.

"Wanangu wasijue. Sio nikiwa mgonjwa, sio nikiwa mochari. Nikishazikwa, watu wakishanawa mikono wakala, hapo waambie. Umenisikia?"

Nilimwambia nimesikia. Akanitaka niyarudie maneno yake, nikayarudia kama mtoto wa shule ya Jumapili. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani nimeelewa, mwanamke mzee anaogopa vurugu, watoto wa siku hizi si tunawajua. Sikumuuliza kwa nini. Wakili akaandika, mashahidi wawili wakatia sahihi, bahasha ikafungiwa kabatini, na mimi nikaenda nyumbani nikiimba.

Mwaka uliofuata, siku ya kutoa vyeti, chuo kilifanya harambee ya kuezeka upya karakana. Mgeni wa heshima alikuwa askofu. Turubai zikafungwa uwanjani, wazazi wakajaa, wahitimu wa zamani wakaalikwa, na yule mama alikuwa katikati ya akina mama, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Mkuu wa chuo akashika maiki na kuita idara moja moja. Useremala wakaleta viti, vigelegele. Mapishi wakaleta keki, vigelegele. Umeme wakaleta vijana wao wa zamani wenye maduka, kila mmoja akatajwa, akafungwa leso, akachezeshwa mpaka mbele.

Halafu Mkuu akanitazama, akacheka kwenye maiki. "Na ile idara yetu ya marehemu, mmeleta nini? Ama watu wenu wamekataa kufa?"

Uwanja mzima ulicheka. Askofu alicheka. Yule mwalimu wa useremala alijishika kifua na kukohoa, na walimu wenzangu wakajipigapiga magoti. Nilikaa pale na ile bahasha kichwani mwangu, najua kwamba nilicholeta mimi ni kikubwa kuliko viti vyao na keki zao zote zikiwekwa pamoja, na damu ikanipanda mpaka masikioni.

Nilisimama. Nilitembea mpaka mbele, na haikuwa karibu. Ningeweza kurudi mara tano. Watu wananihurumia wanasema ulimi uliniteleza. Haukuteleza! Nilichukua maiki mkononi mwa Mkuu, nikasafisha koo, nikasema kwamba kuna mama mmoja hapa, mhitimu wetu wa ushonaji, amekiachia chuo hiki ploti yake nzima ya vyumba kumi huko Baba Dogo. Nikamwonyesha kwa mkono. Sikutaja jina, na kwa muda nilijidanganya kwamba hilo ni jambo.

Wacha wee! Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia hata harusini. Mkuu alirukaruka kama mtoto. Akina mama walimnyanyua kitini kabla hajajua kinachoendelea, wakamfunga leso, moja, ya pili, ya tatu, wakaanza kumwimbia. Simu zilitoka mifukoni uwanja mzima. Nilimwona uso. Alinitazama mara moja tu. Halafu akacheza hatua mbili, kwa sababu mama wa kwetu akifungwa leso na kuimbiwa hawezi kusimama tu, hata kama moyo unamwaga damu. Askofu akamwekea mkono kichwani akambariki. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Nilijuta maiki ikiwa bado mkononi.

Video iliingia katika grupu ya familia yake kabla keki haijakatwa. Jioni alinipigia simu. Nilianza kuomba msamaha, nikaongea, nikaongea. Aliningoja nimalize.

"Wamejua," akasema, akakata.

Laiti yangeishia hapo! Lakini nimesema, kwetu kilichotajwa kimeshatoka. Wapangaji wake walipofika mwisho wa mwezi walimuuliza kodi sasa wapeleke chuoni au wapeleke wapi. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wameona video. Naye Mkuu wa chuo, mtu aliyesomea uongozi, ambaye nilimweleza kwa mdomo wangu kwamba ploti bado ni ya mwenyewe, alituma wanafunzi wa ujenzi na tepu zao wakapime pale Baba Dogo, eti wachore ramani ya mradi, askofu aione. Walipima kuta, walipima lango, walipima mpaka kizingiti cha chumba cha kwanza, na mwenye nyumba amekaa mlangoni pake kwenye stuli. Nilikuja kusikia kwamba aliwapa chai.

Wiki iliyofuata niliitwa langoni. Askari alisema kuna mtu analeta fujo. Nilimkuta yule mwanawe mkubwa, amevaa ovaroli yake ya kazi, na kando yake mama yake, na chini kuna mfuko mmoja wa nguo na cherehani. Cherehani imefungwa kwa shuka.

"Wewe ndio ulikuwa kwa maiki, madam?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mimi.

"Poa. Mlichukua ploti, chukueni na mathe. Mtu akirithi anarithi yote."

Nilianza kumweleza. Haijachukuliwa, bado ni yake, hata sasa hivi anaweza kwenda akalala chumbani kwake, sheria inasema hivi, wakili anasema vile. Aliniangalia kwa huruma, wallahi, kama mtu anayemwangalia mlevi.

"Madam, si ulisema kwa maiki? Video niko nayo. Na watu wenu walikuja na tepu wakapima keja, mathe amekaa hapo mlangoni anawaangalia. Mnampima mtu kaburi na bado anakunywa chai?" Sauti ikamkatika. Nilidhani atanipiga. Akamgeukia mama yake, na kwake alisema kwa Kiswahili kizuri, polepole, kama anayesoma. "Chuo ndicho mtoto wako. Basi chuo kikutunze, na siku ikifika kikuzike. Sisi usituite."

Akaondoka. Mama hakumwita. Aliinama akakaza fundo la shuka kwenye cherehani.

Nilimkimbilia Mkuu wa chuo. Alikuwa na wageni, akatoka nje akasimama nami kwenye varanda. "Chuo si makao ya wazee, madam," akasema. "Hana watoto? Mpeleke kwa chifu." Nikageuka niende. Akaniita tena, kwa sauti ya chini. "Lakini huo wosia usiguswe, sawa?"

Niliyomwambia siwezi kuyaandika. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilimwachia funguo za stoo pale pale kwenye ukuta wa varanda, na mpaka leo sijui nani alizichukua.

Nilimpeleka kwangu. Ninakaa katika vyumba viwili vya kanjo alivyokuwa akikodi baba yangu, kwa hiyo nilimpa kitanda, akakataa, akachukua kochi. Nilitaka tuende kwa chifu kweli, tukamshtaki mwanawe, arudishiwe chumba chake. Karatasi zote za ploti zilikuwa na jina lake. Aliniuliza swali moja tu. "Nikamshtaki mtoto niliyemfungia kufuli?" Kwa chifu hatukwenda.

Alikaa miezi mitano. Hakunigombeza hata siku moja, na ninyi mnaojua kugombezwa mnajua kwamba hiyo ndiyo adhabu kubwa. Aliamka, akasali, akashona. Aliwashonea majirani mapazia. Simu yake aliiweka juu ya cherehani, uso juu, na kila ilipolia alivua miwani kwanza, akaifuta, ndipo akatazama ni nani. Ilikuwa ni wateja. Jumapili tulitoka kanisani tukapika wali, na mara mbili za kwanza alipika wa kuwatosha watu kumi, kwa mazoea. Tulikula ule wali mpaka Jumatano.

Mimi nilihangaika. Niliwapigia wanawe wote, mmoja mmoja. Binti mmoja alilia, akasema yeye hana neno ila hawezi kumpinga kaka yake. Mwingine aliniambia nisipige tena. Yule mkubwa hakushika kabisa. Mwishowe nikaenda kwa wakili. Akaniambia jambo ni jepesi, karatasi moja tu. Mama aandike kwamba wosia ule ameufuta, na ploti itaenda kwa wanawe. Niliona nuru. Nilirudi nyumbani nikikimbia, mtu wa umri wangu.

Nilimwekea karatasi mezani, nikamweleza. Alivaa miwani, akaisoma yote, akaisoma tena.

"Na wale wasichana?" akauliza.

Nilimwambia wale wasichana Mungu atawaona. Nasikia aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema. Nilitaka tu arudi kwao. Nilitaka kulala usingizi.

Akatia sahihi. Wakili na karani wake wakashuhudia. Nikaipiga picha ile karatasi, nikaituma kwa yule mwanawe aliyekataa kushika simu yangu. Alinijibu kabla sijaweka simu chini.

Jumapili ile ile walikuja. Wote! Walikodi gari. Walikuja na kuku, na soda kreti nzima, na blanketi jipya, na wajukuu wamevalishwa nguo za kanisani. Yule mkubwa alikuwa na suti. Alipiga magoti pale kwenye sakafu yangu ya simenti, mtu wa miaka hamsini, akasema, "Mama, tusamehe, shetani alituingilia." Mabinti walimkumbatia, wakalia, wakampangusa machozi ambayo yeye hakuwa nayo. Walimwita mama mpenzi. Walimwita malkia. Mmoja alimvua viatu akamkanda miguu. Nami nilisimama jikoni nikimimina soda, nalia kwa furaha, nasema ahsante Mungu, limekwisha, limekwisha.

Walipokuwa wakipakia mfuko na cherehani, aliingia jikoni kuniaga. Nikaanza tena. Nikamwambia anisamehe, nikamwambia angalau sasa wamerudi, angalau umeona, wanakupenda.

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira.

"Mwanangu, wewe ulidhani nilikuambia wasijue kwa sababu naogopa watanigombeza?"

Nikamwambia ndiyo, ndivyo nilivyodhani.

"Nilizaa mimi. Nawajua. Lakini kujua moyoni ni kitu kingine, na kuona kwa macho ni kingine. Kila Jumapili walikuja, nikajiambia labda ni mimi wanayemfuata. Labda. Mtu anaweza kuishi vizuri sana na labda." Akajifunga leso vizuri kiunoni. "Nilitaka nife nayo."

Nje mwanawe mkubwa alimfungulia mlango wa gari, akamshika mkono akaingia, akamfunga mkanda, akamfunika lile blanketi jipya magotini ingawa jua lilikuwa kali. Akamuuliza kama yuko sawa, mama, kama anaumia popote.

"Niko sawa, baba," akamwambia. "Ahsante."